Msituchagulie Kelele

Kuna swali moja ambalo nimewauliza watu kwa miaka hapa Kakuma, na majibu yake yamenichosha. Swali ni hili: mtu akipenda Nine Inch Nails, asikilize nani tena? Unaweza kudhani ni swali la vijana wasio na kazi. Mimi nasema ni swali la nani anaruhusiwa kupenda nini. Njo maana nalileta humu, mbele ya majirani zangu na mbele ya wenzetu wa mashirika ambao pia husoma kijarida hiki.

Kwa wasiowajua: Nine Inch Nails ni bendi ya Marekani iliyoanzishwa mwaka 1988 mjini Cleveland, jimbo la Ohio, na Trent Reznor. Kwa miaka mingi bendi ilikuwa karibu yeye peke yake na mashine zake. Ngoma zinapigwa na kompyuta, vinanda vya umeme vinakwaruza, gitaa zimeharibiwa sauti makusudi, na juu ya vyote kuna mtu anayenong'ona halafu ghafla anapiga mayowe. Wenyewe huuita muziki wa viwanda. Albamu yao ya kwanza, Pretty Hate Machine, ilitoka 1989. Ile iliyonishika mimi ni The Downward Spiral ya 1994, ambayo niliikuta kwenye memori kadi ya mtumba, katikati ya rumba na nyimbo za kwaya.

Basi nikaanza kutafuta ndugu za muziki huo. Nimepewa majibu ya aina tatu, na nataka kugombana na yote matatu.

Jibu la kwanza hutoka kwa wazee wetu wa kanisa. "Kijana, ile iko muziki ya shetani, itakuharibia kichwa." Nawaheshimu wazee. Lakini, papa, hebu tusikilizane kidogo. Ibada za mkesha katika mtaa wetu zina jenereta, zina spika zilizopasuka, na zina maiki inayopiga filimbi. Mhubiri akifika kilele, sauti yake inachanika ndani ya zile spika mpaka husikii maneno tena. Unasikia mtu analia na mashine inalia naye. Sisemi hivyo kwa kejeli, maana na mimi huwa nasimama pale nje nikisikiliza. Nasema masikio ya wazee wetu yameshauzoea muziki huu kuliko wanavyodhani. Na maneno ya Reznor ni ya mtu anayegombana na Mungu, na mwili wake, na aibu yake. Aliyesoma kitabu cha Ayubu amekutana na mtu wa namna hiyo, na hakuna aliyemwambia Ayubu anyamaze aimbe wimbo wa furaha. Au tuseme wapo waliomwambia, wale rafiki zake, na mwisho wa kitabu Mungu aliwakasirikia wao.

Jibu la pili hutoka kwa watu wema waliovaa vizibao vya mashirika. Wao hawasemi shetani. Wanatabasamu, wanainamisha kichwa kidogo, wanauliza: "Na muziki wa kwenu je? Ngoma za asili?" Ndugu yangu mfanyakazi wa shirika, nakuuliza kwa upole. Wewe umetoka Nairobi, au Lyon, au Copenhagen. Kwenye simu yako kuna muziki wa nchi kumi. Hakuna anayekuuliza kwa nini husikilizi ngoma za babu yako. Kwako ladha ni ladha tu. Kwangu mimi ladha inageuzwa utamaduni, na huo utamaduni lazima uwe na manyoya kichwani na njuga miguuni, ucheze Juni 20, Siku ya Wakimbizi, wageni wapige picha, halafu urudishwe kwenye sanduku mpaka mwaka ujao.

Sizidharau ngoma. Mama yangu ni Mfulero, na akisikia ngoma za kwao huwezi kumzuia. Ninachokataa ni kuambiwa kwamba nimepewa hizo tu.

Nitatoa mfano. Kuna shirika moja, silitaji jina, lenye chumba cha kurekodia muziki kwa ajili ya vijana. Kikundi chetu cha watu wanne kiliomba saa mbili kwa wiki. Tulikuwa na kompyuta moja nzee, bati, mnyororo wa baiskeli na maiki ya kuazima. Tukaulizwa wimbo unahusu nini. Tukasema hauna maneno, ni sauti tu. Tukarudishiwa fomu na orodha ya mada: amani, kunawa mikono, ndoa za utotoni, kuishi vizuri na wenyeji. Mada nzuri zote, na nimeshawahi kuimba kuhusu kunawa mikono kama kila kijana wa kambi hii. Tulipouliza kwa nini sauti tu haikubaliki, jibu likawa kwamba haiendani na malengo ya mradi. Sawa. Lakini mimi nilikuwa sijui kwamba hasira yangu inahitaji mradi.

Jibu la tatu hutoka kwenye simu yenyewe. Ukiiambia programu ya muziki kwamba unapenda Nine Inch Nails, inakuletea orodha: Marilyn Manson, Ministry, KMFDM, Rammstein, Filter, Skinny Puppy, Front 242. Orodha hiyo si ya uongo. Richard Patrick wa Filter alikuwa mpiga gitaa wa Nine Inch Nails jukwaani. Skinny Puppy wa Vancouver, Kanada, walianza 1982, na Reznor hajawahi kuficha kwamba alijifunza kwao. Front 242 wa Ubelgiji walianza 1981. Al Jourgensen wa Ministry alizaliwa Havana, Cuba, mwaka 1958, akapelekwa Marekani akiwa mtoto mdogo. Hilo la Jourgensen programu haikuambii, wakati kwangu mimi ni jambo kubwa.

Shida ya orodha hiyo ni kwamba inatafuta nguo. Gitaa nzito, nguo nyeusi, sura ya kukasirika, Ulaya na Marekani: haya, hawa ni ndugu. Ni kama yule afisa anayekuona mara moja na kusema "Mkongo, basi ngoma." Mzee, bwana wa shirika na simu, wote watatu wamefanya kosa lile lile. Wameangalia sura, wakaacha kuuliza kitu kimetoka wapi.

Mimi nafuata njia nyingine. Nauliza: kelele hii ilitoka kwenye nini? Ni mashine gani ilikuwa inalia karibu na yule mtu alipokuwa anakua?

Anza na Reznor mwenyewe. Alizaliwa 1965 na kukulia Mercer, Pennsylvania, mji mdogo usio mbali na Youngstown, mji wa chuma. Septemba 1977 kiwanda kikubwa cha chuma cha Youngstown kilitangaza kwamba kinafungwa, na maelfu ya watu wakakosa kazi. Reznor alikuwa na miaka 12. Baadaye alienda Cleveland, akapata kazi katika studio, na kazi zake zilikuwa pamoja na kufagia na kusafisha. Mwenye studio akamruhusu atumie vyombo saa ambazo hakuna mteja. Pretty Hate Machine ilianza hivyo, usiku, ikitengenezwa na mtu wa fagio.

Rudi nyuma zaidi. Jina la muziki wa viwanda lilitokana na Throbbing Gristle, watu wanne wa Uingereza waliojiunga 1975 na mwaka uliofuata wakaanzisha lebo yao, Industrial Records. Studio yao ilikuwa kwenye jengo la kiwanda cha zamani mashariki mwa London, na mmoja wao, Chris Carter, alikuwa anaunda vifaa vyao kwa mkono wake. Kaskazini, Sheffield, mji wa chuma, Cabaret Voltaire walikuwa wameanza tangu 1973 kukata na kuunganisha kanda. Berlin Magharibi, mji uliozungushiwa ukuta tangu 1961, vijana walioitwa Einstürzende Neubauten, maana yake majengo mapya yanayoporomoka, walianza 1980 kupiga vyuma vya jalalani, springi na mashine za kutoboa ukuta. Waliwahi kurekodi ndani ya uwazi wa daraja la barabara kuu. London ya kusini, 1981, wakatokea Test Dept, nao wakitumia vyuma chakavu. Wachimba makaa ya mawe wa Uingereza walipogoma mwaka 1984 na 1985, Test Dept walirekodi pamoja na kwaya ya wachimba migodi wa Wales ya kusini waliokuwa kwenye mgomo.

Watu wengi husikia muziki huu wakadhani unatukuza mashine. Sikiliza tena. Watu hawa wengi walikua karibu na mashine zilizotawala wazazi wao, na wengine wakaziona zinazimwa siku moja bila kuulizwa. Wakazichukua vipande vipande, wakazipiga wenyewe, kwa mpigo waliotaka wao.

Sasa niambie kama habari hii ni ngeni kwetu. Mimi natoka karibu na Uvira. Pale Kiliba kuna kiwanda cha sukari kilichosimamishwa na vita miaka ya 1990. Nimekua nikisikia wakubwa wakielezea honi yake kana kwamba ni ndugu aliyefariki. Na hapa Kakuma, kambi iliyofunguliwa 1992, sauti ni nini? Jenereta za wafanyabiashara. Upepo wa Turkana unavyotikisa mabati usiku. Jerikeni zikigongana kwenye foleni ya bomba. Kipaza sauti kinachoita namba za watu. Boda iliyotoboka ekzosi. Ukinipa vyombo na kuniambia nitengeneze muziki wa kwetu, hivyo ndivyo vitu vya kwetu. Ngoma ya kijijini niliisikia kwa mama. Jenereta nimelala nayo.

Kwa hiyo nilipoacha kutafuta nguo nyeusi na kuanza kutafuta mashine, nilikuta ndugu wa Nine Inch Nails wako karibu kuliko nilivyotegemea.

Wa kwanza wako Kinshasa. Mawangu Mingiedi alitoka eneo la mpaka wa Kongo na Angola, na miaka ya 1960 akaanzisha kikundi kilichokuja kujulikana kama Konono N°1. Alikuwa anapiga likembe, kile kinanda kidogo cha vidole kilichotengenezwa kwa vipande vya chuma. Mji ulikuwa na kelele nyingi na likembe haisikiki. Wakatoa sumaku kwenye vipuri vya magari, wakatengeneza maiki zao, wakaunganisha na vipaza sauti vikuukuu. Sauti ikatoka imechanika, inavuma, inakwaruza. Wao hawakuwa wanatafuta muziki wa viwanda, walitaka tu wasikike. Dunia iliwasikia kupitia albamu Congotronics mwaka 2004, na watu waliozoea muziki wa umeme wa Ulaya wakashika vichwa. Mingiedi alifariki 2015. Sasa, ninyi mnaoniambia nipige likembe kwa sababu ni ya asili: hiyo hapo likembe. Inauma masikio. Bado mnaitaka?

Kinshasa hiyo hiyo kuna Fulu Miziki, jina ambalo kwa Kilingala ni muziki wa takataka, na kweli vyombo vyao wanavitoa takatakani: mabomba ya plastiki, kandambili, madebe. Kuna KOKOKO!, ambao jina lao ni sauti ya kugonga mlango, ile tunayosema hodi. Albamu yao Fongola ilitoka 2019. Weka Fongola baada ya Einstürzende Neubauten, utaona ni watu wa ukoo mmoja waliozaliwa mbali.

Wa pili wako Kampala. Kuna lebo inaitwa Nyege Nyege Tapes. Najua, jina hilo kwa Kiswahili linachekesha na akina mama watanifukuza. Kwa Kiganda wanasema ni ile hamu ya kucheza isiyozuilika, tuishie hapo. Lebo hiyo ina mdogo wake, Hakuna Kulala, na mmoja wa walioianzisha ni Mkongo mwenzetu, Rey Sapienz, aliyetoka Kongo akaishi na kufanya kazi Kampala. Mwaka 2021 yeye na Congo Techno Ensemble walitoa Na Zala Zala. Sikiliza mpigo wake. Ni mtu wa kwetu aliyevuka mpaka kama sisi, akaikuta kompyuta, na hakuna aliyempa orodha ya mada.

Wa tatu wako Nairobi, mji ambao mimi siwezi kwenda bila kibali. Duma walikuwa watu wawili, Martin Khanja na Sam Karugu, waliotoka kwenye bendi za metali za Nairobi. Albamu yao ya 2020 inaitwa Duma vile vile. Msomaji wa Kiswahili atadhani ni yule mnyama mwenye mbio. Wenyewe wamesema ni neno la Kikuyu la giza. Ngoma za mashine zinakimbia mpaka zinageuka kuwa mvumo, na juu yake Khanja anapiga mayowe kama mtu aliyefungiwa ndani ya tangi la maji. Kama kuna albamu moja iliyonipa kile nilichokipata kwenye The Downward Spiral, ni hii. Khanja sasa anajiita Lord Spikeheart. Mwaka 2024 alitoa The Adept, kwa heshima ya mama wa bibi au babu yake, Muthoni wa Kirima, yule Field Marshal wa Mau Mau. Haya, mpenzi wa utamaduni, mayowe hayo utayaweka kwenye sanduku gani? Ni ya asili au si ya asili? Pia kutoka Nairobi kuna Slikback, ambaye Lasakaneku yake ya 2018, iliyotolewa na Hakuna Kulala, ni giza tupu na besi inayosukuma kifua.

Na Dar es Salaam kuna singeli, ambayo ndugu zetu wa Nyarugusu wanaijua kuliko mimi. Mpigo unapita 200 kwa dakika. Watu wanasema ni muziki wa sherehe. Ni kweli. Lakini chukua mkusanyo Sounds of Sisso wa 2017, usikilize usiku peke yako, halafu uniambie kama husikii mashine iliyoshindwa kusimama.

Kuna jambo jingine ambalo wanaosema "hiyo ni kelele ya wazungu" hawalifikirii. Simu unayosikilizia ina tantalamu, inayotoka kwenye koltani. Koltani inachimbwa Rubaya, kule Masisi. Betri ya simu ina kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inatoka Kongo. Kompyuta zinazotengeneza muziki huu siku hizi zina vipande vya ardhi tuliyoikimbia, na baadhi yetu tumeikimbia kwa sababu ya vipande hivyo. Watu wa Masisi wako humu kambini, wanasoma maneno haya. Ikiwa madini yetu yanaweza kwenda Cleveland na kurudi yakiwa mashine inayolia, sioni kwa nini nikatazwe kuisikiliza ikilia. Mimi najua inalia nini.

Sasa nifike kwenye hoja ya kweli, ile isiyo ya shetani wala ya fomu. Mama mmoja jirani yangu alinijia akasema: "Mwana, ile kitu unapiga inanikumbusha usiku ile. Mlango ikigongwa vile, mimi nasimama." Huyo sikubishana naye. Kuna watu hapa ambao mlio wa ghafla unawarudisha mahali ambapo hakuna mtu angependa kurudi. Mtu anayesema muziki hauwezi kuumiza hajui anachosema.

Na ushahidi upo. Mwaka 2008 iliripotiwa kwamba muziki wa sauti ya juu, pamoja na wa Nine Inch Nails, ulitumika kuwatesa wafungwa waliokuwa mikononi mwa Marekani, Guantánamo na kwingineko. Reznor alikasirika hadharani. Skinny Puppy nao, mwaka 2014, walisema wameiandikia serikali ya Marekani hati ya malipo kwa kutumia muziki wao huko Guantánamo. Wimbo ule ule ambao mimi nikiuweka masikioni nalala vizuri, mtu mwingine alipigiwa saa nyingi akiwa amefungwa. Tofauti ni nani aliyeshika kitufe.

Hapo ndipo ninapotaka tufike, wakazi na wafanyakazi wa mashirika pamoja. Fikiria siku ya mkimbizi kwa masikio tu. Kipaza sauti kinamwita, jenereta inaamua lini kuna umeme na lini hakuna. Mkesha wa jirani haumuombi ruhusa, na gari la matangazo linapita na wimbo wa kampeni alioandikiwa na mtu mwingine. Karibu kila sauti imechaguliwa na mtu mwingine. Kijana akitengeneza kelele yake mwenyewe, kwa vyuma vyake, kwa saa anayotaka, kwa mara ya kwanza siku hiyo kitufe kiko mkononi mwake. Ukimjia hapo na kumwambia alete wimbo wa amani, umemnyang'anya kitufe hicho pia.

Najua utajibu nini, ndugu wa mradi. Utasema wafadhili wanataka matokeo. Utasema ukiandika kwenye ripoti kwamba vijana wanne walipiga bati kwa saa mbili, makao makuu watacheka. Labda. Lakini wewe huyo huyo unaandika kwenye ripoti zako kuhusu afya ya akili ya vijana, na unatupanga kwenye duara, na unatuomba tueleze tunavyojisikia, kwa maneno, mbele ya watu, kwa lugha ambayo mkalimani ataipunguza nusu. Wengine wetu hatuwezi. Mimi siwezi. Nikiulizwa ninavyojisikia nasema "poa" kama kila mtu. Mpe mtu kama mimi mnyororo, bati na maiki, halafu ukae kimya usikilize. Nitakuwa nimejibu.

Kwa mama jirani nilimjibu hivi, na nasimamia hapo. Kelele yetu ipigwe kwenye chumba kilichofungwa au kwenye spika za masikioni. Tukiipiga hadharani, itangazwe siku tatu kabla, mchana, mbali na nyumba, na mtu akisema imetosha, imetosha. Kanuni hizo hizo nazipendekeza kwa mikesha na magari ya matangazo. Tuone nani atakubali kwanza.

Kwa wenye hamu ya kuanza na bando dogo, nawapa njia yangu, maana orodha za watu wengine nimezisema vya kutosha. Anzeni na The Slip ya Nine Inch Nails. Mwaka 2008 Reznor aliitoa bure, watu wakaruhusiwa kugawana, kwa hiyo kuipitisha kwenye memori kadi si wizi. Ukiipenda kwa sababu ya ngoma za mashine, nenda Duma na Slikback. Ukiipenda kwa sababu ya sauti iliyochanika, nenda Konono N°1. Ukipenda vyuma, Einstürzende Neubauten, albamu Kollaps ya 1981, kisha Fulu Miziki. Ukipenda ile hasira yenye watu wengi ndani yake, watafute Test Dept. Na kama ni zile sehemu za kimya, za piano na giza, sikiliza Ghosts I–IV, nayo ya 2008, vipande 36 visivyo na maneno. Usiziweke zote siku moja. Pumzika, kunywa chai.

Kwa wenye funguo za vyumba nina maombi matatu. Mwondoe swali la mada kwenye fomu, au muongeze mstari unaosema "hakuna". Mtupe saa ambazo chumba hakina mtu, kama yule mwenye studio wa Cleveland alivyompa mfagiaji wake. Na mkija kusikiliza, msiulize kama huu ni muziki wa kwetu. Ulizeni tumeutengeneza kwa nini, tutawaonyesha bati na mnyororo.

Chumba kile kinafungwa saa kumi na moja jioni. Kuanzia hapo mpaka asubuhi vyombo vimekaa tu gizani. Tunaomba funguo, na tutafagia wenyewe.